Kurudi uwanjani baada ya kukatika ACL: mwongozo kwa wachezaji na timu za Mtwara na Lindi

Upasuaji wa ACL, ligamenti iliyo ndani ya goti, huchukua saa moja na nusu hivi. Kazi inayobaki huchukua miezi tisa au zaidi, na karibu yote hufanyika nyumbani, ufukweni na kwenye kiwanja cha mazoezi. Mchezaji aliyepasuliwa Dar es Salaam kisha akarudi Ruangwa au Mtwara hana sababu ya kupona vibaya kuliko aliyebaki jijini, mradi awe na mtu wa kumsimamia, tepu ya fundi, simu yenye kamera na subira ya kutoruka hatua. Tunamwandikia yeye, kocha wake na yule anayebeba begi la huduma ya kwanza. Daktari aliyelifungua goti akisema tofauti na yaliyomo humu kwa sababu ya alichokikuta ndani, fuata lake.

Namna goti linavyokatika

Ligamenti ni kamba ngumu inayounganisha mfupa na mfupa, na ACL ni ile ya mbele kati ya mbili zilizopishana msalaba ndani ya goti. Huuzuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi. Upande wa ndani wa goti kuna ligamenti iitwayo MCL, upande wa nje LCL, na katikati ya mifupa kuna meniskasi mbili, vipande vya gegedu vinavyogawa uzito.

Wengi wakisikia ACL imekatika huuliza nani kamfanyia rafu. Mara nyingi hakuna. Beki anakimbia kumbana winga, anakanyaga ili abadili upande, goti likiwa karibu limenyooka, kiwiliwili kimeelemea upande mmoja, unyayo umeng'ang'ania chini, na goti linaingia ndani. Ligamenti hukatika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla misuli haijawahi kukaza. Mshambuliaji anayetua kwa mguu mmoja baada ya kupiga kichwa hukatika kwa njia hiyohiyo. MCL ndiyo mara nyingi huumia kwa kugongwa kutoka nje.

Pale pale uwanjani

Anza na unyayo kabla ya goti. Gusa: una joto? Anahisi vidole? Mapigo ya damu yapo juu ya unyayo? Mguu ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, au goti limepinda vibaya, chukulia kwamba limeteguka lote na mshipa mkubwa wa damu umeumia. Hapo zinahesabiwa saa. Gari liende moja kwa moja hospitali ya rufaa bila kupitia kwa mkandaji.

Kama unyayo uko salama, uliza mambo matatu: ulisikia mlio, ulihisi goti linatoka na kurudi, na limeanza kuvimba lini? Goti linalojaa kabla ya usiku kuingia lina damu ndani, na ACL ndiyo ya kwanza kushukiwa. Uvimbe unaokuja kesho yake huelekea zaidi kwenye meniskasi. Asiyeweza kupiga hatua nne au kukunja goti hadi nyuzi 90 apigwe eksirei kwanza.

Anayeponyoka mara nyingi ni yule aliyesikia mlio, akalala chini dakika tano, kisha maumivu yakapoa na akaomba kurudi. Anatembea vizuri kwa mstari ulionyooka, kila mtu anafurahi, halafu akigeuka mara ya kwanza goti linamtoka tena na safari hii linaondoka na meniskasi. Aliyesikia mlio na kuhisi goti limetoka amemaliza mechi, hata akiruka kamba mbele ya kocha.

Siku tatu za kwanza: bandeji ya mpira kutoka kigimbi hadi katikati ya paja, mguu juu ya mito, magongo, na barafu dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu ya wauza samaki inafaa kabisa, ila iviringishwe kwenye kitambaa, maana ikigusa ngozi moja kwa moja inaiunguza. Kukanda kwa maji ya moto, kuchua kwa nguvu na kulinyonga goti "lirudi mahali pake" huongeza damu ndani na kumchelewesha mtu wiki nzima. Kwa maumivu, anza na paracetamol. Sindano ya kumtuliza ili amalizie mechi isitajwe kabisa.

Kuthibitisha

Kipimo cha mkono kinachoaminika zaidi ni cha Lachman: goti limekunjwa nyuzi 20 hadi 30, mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta mfupa wa ugoko mbele. Mguu mzima hugota. Uliokatika huenda mbele zaidi bila kugota. Siku ya kwanza uvimbe na misuli iliyokaza hukidanganya kipimo hiki, kwa hiyo kirudiwe baada ya siku 5 hadi 10, na kifanywe na mtu aliyekizoea.

Anzia Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, kwa walio Mtwara, na Hospitali ya Sokoine kwa walio Lindi. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ndiyo inayoonyesha hali ya meniskasi, jambo linalobadilisha mpango wote. Piga simu kwanza kuuliza kama mashine na msomaji wa picha wapo siku hiyo. Kwa upasuaji wa matundu madogo wengi huishia MOI, taasisi ya mifupa iliyo Muhimbili, Dar es Salaam.

Usikimbilie kisu

Kosa la viongozi wa klabu ni kudhani kwamba akipasuliwa kesho atarudi mapema. Goti lililovimba na kukakamaa likipasuliwa, mara nyingi hubaki limekakamaa. Fanya kwanza wiki nne hadi sita za maandalizi, na usisafiri mpaka haya manne yatimie: uvimbe umekwisha au umebaki kidogo sana, goti linanyooka sawa na lingine, anatembea bila kuchechemea, na nguvu ya paja la mbele imefika angalau 80% ya mguu mzima. Anayeingia chumba cha upasuaji na paja lililonyauka hutoka na paja lililonyauka zaidi. Meniskasi iliyojikunja na kulifunga goti lisinyooke ni jambo jingine, hiyo haingoji.

Wapo wanaoishi vizuri bila ACL baada ya mazoezi tu, hasa wasiocheza michezo ya kugeuka ghafla. Kwa mchezaji wa kulipwa, upasuaji ndio njia ya kawaida.

Muulize daktari atatoa wapi pandikizi, yaani kano itakayowekwa mahali pa ACL iliyokatika. Kuna kano iliyo chini ya pia ya goti, inayotolewa na vipande viwili vya mfupa. Kuna kano mbili za nyuma ya paja. Na kuna kano ya juu ya pia. Kwa kijana wa miaka ishirini anayecheza kwa kulipwa, sisi tungeelemea ile ya kwanza, kwa sababu mfupa hushikana na mfupa mapema na kukatika tena ni kuchache kuliko kwa kano za nyuma ya paja. Gharama yake ni maumivu ya mbele ya goti, hasa kupiga magoti. Mchezaji anayeswali mara tano kwa siku alijue hilo kabla ya upasuaji. Si sababu ya kulikataa: miezi ya mwanzo ataswali kwenye kiti, baadaye ataweka mkeka mnene, na kukaa juu ya visigino asikulazimishe kabla ya mwezi wa nne. Kama meniskasi ilishonwa, angoje zaidi kwa neno la daktari. Akichukuliwa kano za nyuma ya paja naye ni kijana, ulizia nyongeza ya mkanda wa kuimarisha upande wa nje wa goti. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha nyongeza hiyo imeshusha kukatika tena ndani ya miaka miwili kutoka 11% hadi 4%.

Kurudi nyumbani na wiki sita za mwanzo

Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita zaidi ya 550, safari ya siku nzima kwenye basi. Goti lililopasuliwa juzi lisikalishwe hivyo. Kaa jijini hadi ukaguzi wa kwanza wa kidonda upite, kisha uchukue kiti chenye nafasi ya kunyoosha mguu, uchezeshe kifundo juu na chini mara 20 kila nusu saa, na ushuke kutembea kila basi linaposimama. Kigimbi kikivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata, damu huenda imeganda: hospitali siku hiyohiyo. Homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua nayo hayasubiri kliniki ijayo.

Kazi ya kwanza ni kunyoosha goti, na adui mkubwa ni huruma ya nyumbani. Mama au shangazi ataweka mto chini ya goti ili mgonjwa astarehe, na goti litaponea likiwa limekunjika. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia bila kitu chini yake, dakika 10, mara tatu au nne kwa siku. Mgonjwa pia alale kifudifudi huku miguu kuanzia magotini ikiwa nje ya ukingo wa kitanda, uzito wa mguu ulivute goti. Pungufu ya nyuzi tano tu itamfanya achechemee, na paja halitarudi. Goti lililokuwa likinyooka vizuri kisha, mwezi wa pili au wa tatu, likaanza kugoma mwishoni mwa kunyooka na kutoa mlio mbele, huenda lina kovu ndani. Mrudishe kwa daktari, kunyoosha kwa nguvu hakuliondoi.

Kazi ya pili ni kuliamsha paja la mbele, ambalo ubongo hulizima goti likiwa na maji. Kaza misuli ukilisukuma goti chini kwenye godoro, shikilia sekunde tano, mara 10, kila saa ukiwa macho. Kisha nyanyua mguu ulionyooka, seti tatu za 10. Goti likilegea kidogo wakati wa kunyanyua, paja bado halijaamka, usiache magongo. Magongo yaondoke siku atakayotembea bila kuchechemea, hata kama rafiki yake aliyaacha wiki ya pili.

Baiskeli ya kawaida yenye stendi inayonyanyua gurudumu la nyuma ni mashine nzuri sana ya mazoezi. Anza goti likikunjika nyuzi 110 hivi, kiti juu, dakika 10, kisha 20. Ukitaka ugumu, kaza breki kidogo. Aliyetolewa kano za nyuma ya paja asivute kisigino nyuma kwa uzito kabla ya wiki ya nane, na wiki ya tatu hadi ya sita awe mwangalifu akiinama kuokota kiatu: ndipo nyama hizo huchanika kwa mlio unaotisha, ingawa pandikizi lenyewe huwa halijaguswa. Meniskasi iliyoshonwa: hakuna kuchuchumaa kupita nyuzi 90 mpaka daktari aruhusu.

Baharini asiingie kabla kidonda hakijafunga kabisa, wiki ya nne au zaidi. Baada ya hapo kutembea ndani ya maji ya kifuani kunamwondolea sehemu kubwa ya uzito, na kwenye maji ya kiunoni karibu nusu. Chagua wakati maji yametulia, vaa raba kwa ajili ya mawe na makombe, na uwe na mtu pembeni.

Kusoma uvimbe

Huu ni ujuzi wa dakika mbili unaostahili kurudiwa kila asubuhi kwa miezi yote. Mchezaji alale, mguu umenyooka. Kwa kiganja sukuma maji kutoka upande wa ndani wa goti kwenda juu, mara mbili au tatu. Kisha teremsha kiganja upande wa nje, kutoka juu kwenda chini, huku macho yakiwa kwenye kibonyeo cha ndani. Kisipojaa, andika 0. Wimbi dogo likipita, andika alama ya nukta. Kibonyeo kikijaa, andika 1. Maji yakirudi yenyewe kabla hujagusa upande wa nje, 2. Yakiwa mengi hata hayasukumiki, 3.

Kwenye 0 na nukta, endelea kupandisha kazi. Kwenye 1, rudia kazi ya jana bila kuongeza. Kwenye 2, rudi nyuma hatua moja na upumzike siku mbili. Maumivu ya 2 kati ya 10 wakati wa zoezi yanavumilika kama asubuhi yameondoka. Uvimbe uaminiwe kuliko maneno ya mchezaji, kwani anayetaka kurudi kikosini atasema haumwi.

Mwezi wa pili hadi wa tano

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Pandikizi halikai kama lilivyowekwa. Seli zake hufa, mishipa mipya ya damu huingia, nyuzi hujengwa upya, na katikati ya kazi hiyo huwa dhaifu kuliko siku liliposhonwa. Wakati huohuo uvimbe umekwisha, maumivu hakuna, anapanda ngazi, anajisikia mzima. Ndipo anaitwa "kugusa mpira kidogo tu" kwenye ndondo ya mtaani.

Kazi halisi ya miezi hii ni nguvu, na makosa yake yanafanana kila mahali: seti tatu za ishirini kwa mpira mwepesi, wiki hadi wiki. Hizo ni za kupashia moto. Nguvu inataka uzito unaoweza kuunyanyua mara 6 hadi 10 tu, seti tatu au nne, mapumziko dakika mbili hadi tatu kati yake, siku tatu kwa wiki. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 20, kiroba cha mchanga ukijaze upendavyo. Ongeza kilo mbili hadi tano kila unapofikisha mara 10 bila kutetereka.

Tanguliza mazoezi ya mguu mmoja, kwa sababu ukichuchumaa kwa miguu miwili ule mzima unabeba sehemu ya mwenzake na huoni. Panda na kushuka kijukwaa cha sentimita 30 polepole, goti likielekea kidole cha pili cha unyayo. Inuka kutoka kwenye benchi kwa mguu mmoja. Nyanyua nyonga ukiwa chali, mguu mmoja ukiwa juu ya kiti. Nyanyua kisigino kwenye ukingo wa ngazi.

Kunyoosha goti ukiwa umekaa, uzito ukiwa kifundoni, kulikuwa kunaogopwa sana. Lakini zoezi hilo lina faida yake, kwa sababu hakuna jingine linalolilazimisha paja la mbele peke yake. Kuanzia wiki ya nne hivi fanya kati ya nyuzi 90 na 45 tu, yaani mguu unaoning'inia unyanyuke hadi nusu ya njia. Mwendo mzima ungoje wiki ya 12, na wenye kano za nyuma ya paja waongeze uzito taratibu zaidi.

Chakula kiende na kazi. Mchezaji wa kilo 70 anahitaji takribani gramu 110 hadi 150 za protini kwa siku, akigawanya milo minne. Ugali na mchuzi havitoi. Kipande cha samaki cha gramu 150 kina kama gramu 30, yai moja 6, kikombe cha mbaazi zilizopikwa 11 hivi, na dagaa wakavu ndio mfalme wa bei nafuu.

Kuanza kukimbia

Wiki ya 12 ni mapema kabisa inayoruhusiwa, na peke yake haitoshi. Kabla ya mbio: uvimbe 0 au nukta, goti linanyooka lote, anainuka benchi kwa mguu mmoja mara 10 bila goti kuingia ndani, na nguvu ya paja imefika 70% ya mguu wa pili. Asiyefikisha 70% hukimbia akiukwepa mguu, akauzoea ulemavu.

Anza kukimbia dakika moja, kutembea dakika moja, mara 10, siku moja ndiyo, nyingine hapana. Wiki ya pili dakika mbili kwa moja. Fika dakika 20 mfululizo kabla ya kuongeza kasi. Ufukwe unashawishi, lakini mchanga laini unazidisha kazi ya kigimbi, na mteremko wa ufukwe unakimbiza mguu mmoja juu na mwingine chini. Kama ni lazima, subiri maji kupwa, tafuta mchanga mgumu ulio tambarare, na ugeuze mwelekeo kila dakika chache. Kiwanja cha nyasi ni bora.

Kupima nguvu kwa mizani ya korosho

Hospitali kubwa za michezo hupima paja kwa mashine ya bei kubwa. Mizani ya kidijitali ya kuning'inia, ile ya ndoano mbili inayopimia magunia ya korosho, inaweza kutoa jibu la kuaminika. Usiitumie kabla ya mwezi wa tatu baada ya upasuaji.

Mkalishe kwenye meza nzito, goti likikunjwa nyuzi 90, mapaja yamefungwa mkanda. Funga mkanda mpana juu kidogo ya kifundo, uunganishe na ndoano moja. Ndoano ya pili ifungwe kwenye mguu wa nyuma wa meza au nguzo, mnyororo ukiwa umelala sambamba na sakafu. Anasukuma mbele kana kwamba anapiga mpira, anaongeza nguvu taratibu na kushikilia sekunde tano. Mara tatu kila mguu, akianza na mzima, mapumziko dakika moja. Mizani isiyohifadhi kilele irekodiwe kwa simu. Mnyororo ukiwa umeinama, au akiinua makalio, namba haifai.

Gawa mguu ulioumia kwa mzima, zidisha kwa 100. Lengo la kurudi mechini ni 90% na zaidi. Hata hivyo asilimia hii ina mtego: mguu mzima nao umekaa miezi bila mechi, umeshuka. Kwa hiyo pima pia dhidi ya uzito wa mwili. Chukua kilo za mizani, zidisha kwa 9.81, zidisha kwa urefu kutoka mwanya wa goti hadi mkanda kwa mita, gawa kwa uzito wa mchezaji. Mchezaji wa kilo 70 anayesukuma kilo 60 kwa urefu wa mita 0.36 anapata takribani 3.0, na hapo ndipo tungependa afike.

Kuruka na kutua

Kuruka mbele kwa mguu mmoja kunapimwa kwa tepu: mara tatu kila mguu, kutua na kusimama imara sekunde mbili, vinginevyo haihesabiwi. Tuseme mguu mzima ni sentimita 162 na ulioumia 141. Hiyo ni 87%. Lakini kama daftari la maandalizi ya msimu linaonyesha kabla ya kuumia mguu uleule uliruka 180, basi yuko kwenye 78%. Ndiyo sababu tunasisitiza kila timu ipime wachezaji wote mwanzoni mwa msimu. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ongeza kuruka mara tatu mfululizo, na kuruka mara tatu kwa kukatiza mstari. Muhimu kuliko yote hayo ni kuruka wima kwa mguu mmoja, chaki vidoleni, ukutani. Kuruka mbele kunaweza kubebwa na nyonga na kifundo huku goti likijificha, kuruka juu kunalifichua. Rekodi kutua kwa video ya mwendo wa polepole kutoka mbele: goti likiingia ndani au kiwiliwili kikiegemea upande ulioumia, hajafaulu hata kama sentimita zimetosha.

Uwanjani, hatua kwa hatua

Kuanzia mwezi wa tano au wa sita, vipimo vikiruhusu. Mbio za mstari, kisha kuongeza kasi, kisha kupunguza kasi, na hapa kaeni muda mrefu. Kusimama kunaliumiza goti kuliko kukimbia, lakini mazoezi mengi huiruka hatua hiyo. Kimbia mita 10, simama ndani ya hatua tatu, nyonga chini. Kwanza kwa nusu kasi, mwisho kwa kasi yote. Kisha mkunjo mpana, kugeuka nyuzi 45, halafu 90, yote yakiwa yamepangwa. Ndipo yaje yasiyopangwa: kocha anaonyesha upande sekunde ya mwisho, mpira unaingia, beki anaingia. Mchezaji anayegeuka vizuri kwenye koni huenda akageuka vibaya macho yakiwa kwenye mpira.

Mazoezi na timu bila kugusana, wiki mbili au tatu. Kisha ya kugusana, kamili, wiki nne angalau kabla ya mechi yoyote. Mechi ya kwanza iwe ya kirafiki, dakika 15 hadi 20, kisha 30, kisha 45. Kwenye viwanja vya udongo uliokaushwa na kiangazi, avae daluga za meno mafupi mengi. Meno marefu yanayong'ang'ania ndiyo yanayoshika unyayo mwili ukigeuka.

Kabla ya ruhusa ya mwisho: miezi tisa imepita, nguvu na kuruka 90% na zaidi, kuinuka benchi kwa mguu mmoja mara 22, uvimbe 0, na hofu imekwisha. Hofu ipimwe kwa kuuliza wazi, faraghani, si mbele ya wenzake. Anayeingia tackling kwa kusita ni hatari kwake mwenyewe.

Kocha akiuliza kwa nini tisa, utafiti wa Norway uliochapishwa 2016 ulikuta kila mwezi wa kusubiri hadi wa tisa unapunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu, na kwamba waliorudi bila kufaulu vipimo waliumia tena 38.2%, waliofaulu 5.6%. Beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, aliumia Oktoba 2020 akarudi mechi ya kirafiki mwishoni mwa Julai 2021, na wachezaji kama yeye wana fizio wa kila saa. Wachezaji wa timu kubwa za Ulaya waliofuatiliwa na UEFA walirudi mechini kwa wastani wa miezi 7.4, lakini miaka mitatu baadaye ni 65% tu waliokuwa bado wanacheza ngazi ileile.

Kama ni MCL tu

Hii kwa kawaida haihitaji kisu. Kuchanika kidogo ni wiki moja hadi tatu, nusu ni nne hadi sita, kukatika kabisa ni nane hadi 12, na kifaa cha kulishikilia goti kwa wiki za mwanzo. Epuka kusukuma goti upande na pasi za ndani ya unyayo mpaka kugusa upande wa ndani wa goti kusiume. Kabla ya kusema ni MCL tu, hakikisha Lachman imerudiwa, kwani MCL na ACL hukatika pamoja mara nyingi.

Baada ya kurudi

Hatari haiishi na bao la kwanza. Miaka miwili ya mwanzo goti lile, na lile la pili pia, yako kwenye hatari. Mazoezi mazito ya miguu yabaki mara mbili kwa wiki msimu mzima, siku ya mechi na ya kabla yake zikiachwa. Timu nzima ipashe moto kwa FIFA 11+, mpangilio wa mazoezi ya kuzuia majeraha, dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki. Ikifanywa kwa umakini inapunguza majeraha kwa takribani theluthi moja au zaidi, na timu za wanawake ziipe uzito mkubwa zaidi kwa sababu ACL zao hukatika mara mbili hadi tatu zaidi ya za wanaume.

Mchezaji atunze nakala zake mwenyewe: ripoti ya upasuaji yenye aina na kipenyo cha pandikizi na aina ya skrubu, picha za MRI, na daftari la vipimo vyote. Akisajiliwa klabu nyingine, au pandikizi likikatika, daktari wa pili atahitaji kujua matundu ya mfupa yalitobolewa wapi na kano ipi bado ipo ya kutumika.